Machozi Si Adui wa Subira

Muislamu anapofariki katika miji ya Migori, Homa Bay au Kendu Bay, mara nyingi misiba miwili hukutana katika ua mmoja. Upo msiba wa jamaa Waislamu, ambao haja yao ya kwanza ni kumwosha maiti, kumkafini, kumsalia na kumzika mapema iwezekanavyo. Na upo msiba wa jamaa zake Wajaluo wasiokuwa Waislamu, wajomba na mashangazi, pengine mama mzazi mwenyewe, ambao kwao habari ya kifo hupokewa kwa nduru, yaani ukelele mrefu wa wanawake unaosikika mbali. Kwa desturi yao ya zamani, akifa mwanamume mtu mzima, hufanywa tero buru: wanaume huswaga ng'ombe kwa mikuki na ngao, vumbi likatimka, ili kukifukuza kifo kitoke bomani. Hawa wanataka kilio, wale wanataka utulivu. Baina yao husimama mzee wa msikiti, kidole mdomoni, akiwaomba kina mama wapunguze sauti.

Hatutaki katika makala haya kuamua nani ana adabu zaidi ya mwenzake katika kufiwa. Hukumu ya kuomboleza kwa mayowe inajulikana, nasi tutaigusa. Swali letu ni dogo kuliko hilo, nalo linawahusu zaidi wasomaji wetu kina mama: yule aliyeambiwa anyamaze, akanyamaza, hali yake huwaje wageni wanapoondoka na mikeka inapokunjwa?

Yupo mama mmoja wa huku Migori aliyenipa idhini ya kueleza habari yake bila ya jina. Mumewe alikuwa akichimba dhahabu katika mashimo ya upande wa Nyatike, na siku moja udongo ukamfukia. Alipoletewa habari alisema Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un, akakaa chini, wala hakutoa chozi. Watu walimsifu. Kila aliyeingia kumpa mkono wa tanzia alitoka akisema kwamba mwanamke yule ana imani. Sifa ile ikawa kufuli. Angewezaje kulia siku ya tatu, ilhali siku ya kwanza ameshahesabiwa miongoni mwa wenye kusubiri? Alikaa eda yake miezi minne na siku kumi, akaimaliza kwa heshima, akarudi sokoni kuuza omena.

Hapo ndipo mambo yalipoanza. Usingizi ulimpaa, akawa anafagia ua saa nane za usiku. Njia ya kwenda Macalder hakuipita tena, ingawa kuzunguka kulimzidishia nauli. Picha ya marehemu aliifunga katika leso akaitia chini kabisa ya sanduku, na watoto walipomtaja baba yao aliwakatiza kwa kazi: nenda kateke maji, kasome, kalale. Kifua kikawa kinambana. Hospitali walimpima moyo wakauona mzima. Mganga mmoja akamwambia ana jini wa ziwani, akala fedha zake za omena za wiki tatu, na kifua kikaendelea kubana.

Aliyemfungua ni mama mkwe wake, bibi mkongwe asiye Muislamu, yule yule ambaye siku ya mazishi alipiga nduru mpaka akaombwa atoke uani. Bibi yule alikuwa amekwisha kulia kilio chake chote, na sasa aliweza kulitaja jina la mwanawe bila ya sauti kumtetemeka. Jioni moja walikuwa wakichambua mboga, akaanza kusimulia jinsi marehemu alivyokuwa mtoto mwoga wa radi, aliyekuwa akijificha nyuma ya mtungi. "Nyathina," akamwambia, yaani mwanangu, "kwa nini humtaji? Mimi nami sina mtu mwingine wa kumtaja naye."

"Maalim," akaniambia yule mama, "kisu kilinianguka mkononi. Nililia mpaka adhana ya Isha."

Nilipomuuliza kama alipona siku ile, alicheka. Hakupona siku ile. Alilia takriban wiki nzima, na chini ya huzuni alikuta hasira, kwa kuwa alimkataza mumewe kushuka shimoni msimu wa mvua naye hakusikia. Lakini usingizi ulirudi. Picha sasa iko mikononi mwa watoto, imeanza kukunjika pembe.

Tuitazame dini, maana wengi walionyamazishwa wamenyamazishwa kwa jina lake. Mtume Muhammad (S.A.W.) alifiwa na mwanawe Ibrahim, mtoto wa Bibi Maria, mwaka wa 10 Hijria, mtoto akiwa hajatimiza miaka miwili. Alimpakata alipokuwa akikata roho, na macho yake yakabubujika machozi mbele ya maswahaba. Abdurrahman bin Auf alistaajabu kuona hata yeye Mtume analia. Akajibiwa kwamba hiyo ni rehema, kisha akabainishiwa mipaka: jicho limeachiwa machozi yake, moyo umeachiwa huzuni yake, na ulimi ndio uliowekewa sharti. Niyaha iliyokatazwa ni kujipiga mashavu, kurarua nguo na kupaza maneno ya kumlaumu Mola. Hayo ni matendo, na mtu anaweza kuyazuia. Huzuni yenyewe haikukatazwa, kwa kuwa mja hakalifishwi asichokiweza.

Wapo wanaomtisha mfiwa kwamba machozi yake yatamtesa maiti kaburini. Hadithi yenye maana hiyo ipo na ni sahihi, imepokewa kwa Sayyidna Umar na mwanawe Abdullah (R.A.). Ila wanaoitaja aghalabu hawamalizii habari. Bibi Aisha (R.A.) alipofikiwa na maneno hayo aliyapinga, akatoa hoja ya Qur'ani kwamba nafsi haibebi mzigo wa nafsi nyingine. Na wanavyuoni wengi wamezipatanisha kauli hizo kwa kusema kuwa anayekusudiwa ni yule aliyeusia aombolezewe kwa niyaha, kama walivyokuwa wakiusia Waarabu wa zama za ujahilia. Mjane anayelia kwa kwikwi nyuma ya pazia lake hayumo katika maneno hayo, na anayemwambia kuwa yumo amemwongezea msiba juu ya msiba.

Vilevile zimekuja siku tatu. Mwanamke hakuruhusiwa kumkalia maiti ihdadi zaidi ya siku tatu, isipokuwa mumewe. Ihdadi ni kuacha pambo na manukato. Ni hukumu ya mavazi na mwenendo. Baadhi yetu wameigeuza kuwa hukumu ya moyo, wakadhani asubuhi ya nne mfiwa anapaswa kuwa amesahau. Mwaka aliofiwa Mtume na Bibi Khadija (R.A.) na ami yake Abu Talib, yapata mwaka 619 Miladia, umejulikana katika vitabu vya sira kwa jina la Mwaka wa Huzuni. Ni mwaka ulioitwa hivyo. Na baada ya miaka mingi, akiwa Madina, Mtume alikuwa bado akichinja mbuzi na kuwapelekea nyama marafiki wa Bibi Khadija, mpaka Bibi Aisha akamwonea wivu mke aliyekwisha kufa. Habari ya wivu huo tumeipata kwa Bibi Aisha mwenyewe, aliyeisimulia bila ya kuifunika. Laiti mabibi wa leo wangejua kwamba mama wa waumini alilitaja jambo hilo waziwazi, na heshima yake isipungue!

Katika Qur'ani, Nabii Ya'qub (A.S.) ndiye aliyesema juu ya subira njema alipoletewa kanzu ya Yusuf yenye damu ya uongo, na ni huyo huyo ambaye macho yake yaligeuka meupe kwa majonzi. Aya zote mbili zimo katika sura moja, na zinamsema mtu mmoja. Wanawe walipomlaumu kwa kumkumbuka Yusuf kila uchao, aliwajibu kwamba mashitaka yake anayapeleka kwa Mwenyezi Mungu. Hakuacha kushitaki, alichagua wa kumshitakia. Naye Bibi Maryam, uchungu wa uzazi ulipompeleka kwenye shina la mtende, alitamani angelikufa kabla ya siku ile. Maneno mazito hayo. Kama yangesemwa leo na mwanamke aliye leba katika hospitali yetu, angekuwapo wa kumkemea. Bibi Maryam hakukemewa. Aliitwa kwa sauti ya kumliwaza, akaonyeshwa kijito cha maji chini yake, akaambiwa atikise mtende apate tende mbivu ale na anywe.

Msomaji mjuzi atauliza: Je, Mtume hakuomba kinga kwa Mola kutokana na hamm na huzn? Ndiyo, aliomba, na dua hiyo tunaihifadhi tangu madrasa. Lakini aombaye kinga ya kitu amekwisha kukitaja kwa jina lake. Wanavyuoni wamepambanua kwamba hamm ni wahka wa jambo lijalo, na huzn ni majonzi ya jambo lililopita. Mama yule muuza omena alikuwa nayo yote mawili, majonzi ya mume aliyekwenda na wahka wa karo za shule zinazokuja, naye akayaita yote "kifua". Daktari akatibu kifua.

Hata walio wakubwa wa elimu yamewafika. Mwezi wa Rajab mwaka 488 Hijria, sawa na 1095 Miladia, Imamu Ghazali alikuwa mwalimu katika Madrasa ya Nidhamiya mjini Baghdad, na wanafunzi wake walikuwa mamia. Kwa karibu miezi sita alivutwa huku na huku ndani ya nafsi yake, baina ya cheo alicho nacho na wito wa kukiacha, na kila siku akijilazimisha kwenda darasani kana kwamba hakuna kitu. Mwisho ulimi ukafungika, hakuweza kutamka neno, chakula kikawa hakimshuki. Matabibu waliona kwamba ugonjwa umeanzia moyoni ndipo ukauingia mwili, na hautatibika mpaka moyo upumzike. Haya ameyaandika yeye mwenyewe katika al-Munqidh, kitabu alichokitunga baada ya miaka mingi, wala hakuona haya.

Elimu ya nafsi ya siku hizi imelifikia jambo hili kwa njia yake. Mwaka 1987, Daniel Wegner wa Marekani pamoja na wenzake waliwakalisha wanafunzi mmoja mmoja, wakawaambia wasimfikirie dubu mweupe, na kila atakapowajia akilini wagonge kengele. Kengele zililia. Na waliporuhusiwa baadaye kumfikiria, walimfikiria kuliko wale walioruhusiwa tangu mwanzo. Ikiwa dubu, ambaye hana uhusiano wowote nao, hakufukuzika, sembuse mume wa ndoa.

Nimesema sana juu ya huzuni, lakini katika nchi hii ya ziwa nadhani hofu imeua watu zaidi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba katika Homa Bay karibu mtu mzima mmoja kwa kila watano anaishi na virusi vya ukimwi, ilhali kwa Kenya nzima ilikuwa asilimia 4.9. Katika miaka ya mwanzo ya ugonjwa huu wengi waliuita chira, yaani laana inayompata mtu kwa kuvunjwa miiko ya ukoo. Jina lile liliwapa watu mahali pa kujificha: palifanywa tambiko, kipimo hakikufanywa. Mwaka 2001 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilianza kutoa dawa za kupunguza makali katika hospitali ya Homa Bay, na leo anayezimeza kila siku huishi, hufanya kazi, huzaa watoto wasio na virusi. Kilichobaki ni kuuvuka mlango wa chumba cha kupimia. Nawajua Waislamu wanaopanda gari mpaka kaunti nyingine ili jirani asiwaone; hao siwalaumu, maana wamepima. Wanaonitia wasiwasi ni wale wanaosema wamemwachia Mungu, na wakati huo huo wanakondeana. Tawakuli kwao imekuwa shuka ya kujifunikia uso. Ukimuuliza mmoja wao kama anaogopa, atakuapia kwamba haogopi.

Wanaume ndio hodari zaidi wa kiapo hicho. Basi nawakumbusha siku Mtume aliposhuka kutoka pango la Hira, moyo ukimdunda, akamwambia mkewe amfunike. Alipotulia alimweleza Bibi Khadija kwamba amejihofia nafsi yake. Hakumficha. Naye Bibi Khadija hakumcheka wala hakumwambia awe mwanamume. Alimfunika kwanza mpaka khofu ikamtoka, akamsikiliza, akamtajia wema wake mmoja mmoja: kuunga udugu, kukirimu mgeni, kuwabeba wanyonge. Kisha akamchukua wakaenda pamoja kwa Waraqa bin Naufal, mtu aliyekuwa na elimu ya jambo lile. Sijui wanandoa wangapi mjini Migori wamewahi kwenda pamoja kupima kwa mpango kama huo, lakini mpango upo, na umetoka katika nyumba ya Mtume.

Juu ya hasira nitasema kidogo tu. Wahshi, aliyemuua Sayyidna Hamza katika vita vya Uhud, alikuja baadaye akasilimu, na Uislamu wake ukakubaliwa. Lakini Mtume alimuuliza kama angeweza kuuepusha uso wake asimwone. Hakumlipiza kisasi, wala hakudai kwamba maumivu ya ami yake yamekwisha. Wale wanaowashurutisha dada zetu wakumbatiane hadharani na waliowadhulumu, ati ndiyo dalili ya kusamehe, wakaisome habari hii.

Lipo jambo zito zaidi, na gazeti la familia halina budi kulitaja. Wako miongoni mwetu waliofikiwa na kukata tamaa hasa, wanaotamani kufa. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha sheria ya jinai ya Kenya kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kwa hiyo familia zilificha, hospitali hazikuambiwa ukweli, na mgonjwa alirudishwa katika chumba kile kile na mawazo yale yale. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinapingana na katiba. Kujiua kunabaki kuwa haramu kubwa katika dini yetu, na hilo halina mjadala. Lakini mtu anayekuambia kwamba haoni faida ya kuishi amekuja kwako kama mgonjwa. Usimsomee hukumu usiku ule. Kaa naye, usimwache peke yake, ondoa dawa za shamba na vitu vya hatari, na kukipambazuka mpelekeni hospitali. Na ikiwa hali ni mbaya, msingoje kupambazuke.

Huenda pakasemwa kwamba mambo haya yanahitaji wataalamu, na wataalamu wa nafsi katika kaunti zetu ni wachache. Ni kweli. Nchini Zimbabwe daktari mmoja wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, aliuona uchache huo huo, na tangu mwaka 2006 akaanza kuwafundisha mabibi wazee wa mtaa wa Mbare, Harare, namna ya kumsikiliza mtu aliyelemewa. Waliwekewa mabenchi nje ya vituo vya afya. Lugha yao ya Kishona ina neno kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi, na neno hilo ndilo walilolitumia, hawakuazima majina ya vitabuni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba walioketi na mabibi hao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Sisi mabibi tunao, na baraza za misikiti tunazo. Mama mkwe wa yule muuza omena hakusomea kokote, na kazi aliifanya huku anachambua mboga.

Katika misiba yetu pia tuna jambo la kurekebisha. Jaafar bin Abi Talib alipouawa shahidi vitani Mu'ta, mwaka wa 8 Hijria, Mtume aliamrisha watu wawapikie chakula watu wa nyumba ya Jaafar, kwa kuwa wamefikiwa na la kuwashughulisha. Sisi tumepindua: mfiwa ndiye anayepika, anakopa mchele na mafuta, anahesabu sahani, na kwa siku tatu hapati hata nafasi ya kukaa akamkumbuka mtu wake. Naona shughuli hiyo nayo ni namna ya kumkimbiza mfiwa mbio ili asiukute msiba wake. Msikiti wowote unaweza kulipanga jambo hili kwa zamu za mitaa, huyu alete wali, huyu alete maji, huyu akae na watoto.

Na Bibi Aisha (R.A.) alikuwa na desturi yake. Akifariki mtu katika jamaa zake, wanawake wakakusanyika kisha wakatawanyika, wakabaki wa nyumbani na wa karibu tu, aliamuru upikwe uji wa talbina, akawataka waunywe, kwa kuwa alimsikia Mtume akisema kwamba unautuliza moyo wa mgonjwa na kuondoa sehemu ya huzuni. Ni sehemu tu iliyotajwa. Talbina ni unga wa shayiri uliopikwa majini, mwepesi, na wengine huutia asali au maziwa. Shayiri ikikosekana, nadhani uji wa wimbi, ambao kila nyumba ya huku inaujua, hautakosa kufaa. Wakati wake ni ule ule: jioni, wageni wakishaondoka, taa ikishawashwa, na waliobaki ni wale wanaoweza kulitaja jina la marehemu.